Injini za Pushirodi na Injini za Kamshafti ya Juu

Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Misima



Fedha ya chama cha msingi hutoka polepole, tena baada ya mabishano marefu. Na inapotoka, aghalabu huishia kwenye kitu chenye injini. Huenda ikawa mashine ya kusaga, pikipiki ya katibu, gari dogo la kukusanyia mahindi na ufuta, pawatila, au pampu ya maji. Mkutano huuliza bei, huuliza nguvu, na wako hata wanaouliza rangi. Haiulizwi kamshafti yake iko wapi. Swali hilo hudhaniwa kuwa la mafundi peke yao, ilhali jibu lake ndilo huamua, siku ya ubovu, kama injini itatengenezwa hapa hapa Misima kwa spana za kawaida, au itapakiwa juu ya gari la kukodi na kupelekwa Korogwe ama Tanga huku mahindi ya watu yakingoja.

Asili ya jambo lenyewe ni pumzi. Injini ya mipigo minne, iwe ya petroli au ya dizeli, huvuta hewa, huibana, huwaka, kisha hutoa moshi. Pistoni hufanya mipigo hiyo minne wakati krenki inazunguka mara mbili. Katika mizunguko hiyo miwili valvu ya kuingiza hewa hufunguka mara moja tu, na valvu ya kutolea moshi mara moja tu. Kazi ya kuzifungua ni ya kamshafti, ambayo ni mhimili wa chuma wenye nundu: nundu ikipita, valvu hufunguka, nundu ikiondoka, springi huirudisha valvu mahali pake. Kwa sababu hiyo kamshafti daima huzunguka nusu ya mwendo wa krenki. Anayetaka kuhakikisha, na ahesabu meno ya gia zinazokutana: gia ya kamshafti ina meno mara mbili ya ile ya krenki.

Hadi hapo injini zote ni ndugu. Zinaachana katika mahali pa kuuweka mhimili huo.

Katika injini ya pushirodi kamshafti hukaa chini, ndani ya bloki, jirani na krenki, na valvu ziko juu katika silinda hedi. Kwa kuwa nundu iko mbali na valvu, hapana budi awepo mjumbe. Juu ya nundu hukaa tapeti. Juu ya tapeti husimama kijiti kirefu cha chuma, ndicho pushirodi. Kijiti husukuma ncha moja ya roka. Na roka, mfano wa ubao wa pembea wa watoto, ikipandishwa upande mmoja hushuka upande wa pili na kuibonyeza valvu.

Katika injini ya aina ya pili kamshafti imepandishwa juu ya silinda hedi, ikawa jirani ya valvu zenyewe. Vijiti havipo tena. Nundu huibonyeza valvu kwa roka fupi, au moja kwa moja kupitia kikombe kidogo cha chuma. Lakini umbali haukufutwa, umehamishwa tu: krenki imebaki chini, kamshafti imekwenda juu, na lazima kiwepo kitu kirefu cha kuizungusha. Kitu hicho huwa ni cheni, au mkanda wa mpira wenye meno. Mwenye kulielewa hilo amekwisha kuelewa nusu ya faida na karibu hasara zote za injini hizo.

Kwa nini basi watengenezaji walijitaabisha kuipandisha kamshafti? Ni kwa ajili ya mwendo. Dizeli ya Lister aina ya CS, iliyoanza kutengenezwa huko Dursley, Uingereza, takriban mwaka 1930, na ambayo yenyewe na nakala zake za Rajkot, India, zimesaga mahindi ya Afrika Mashariki kwa miongo mingi, huzunguka mara 650 kwa dakika ikiwa ni ile ya nguvu za farasi 6. Kamshafti yake basi huzunguka mara 325, na kila valvu hufunguka zaidi kidogo ya mara tano kwa sekunde. Mlio wake, ule unaosikika kijiji cha pili, waweza kuhesabiwa kwa vidole. Tapeti, kijiti na roka vina nafasi tele ya kupanda na kurudi.

Sasa na ifikiriwe injini ya pikipiki inayozunguka mara 8,000 kwa dakika. Kila valvu hufunguka mara 4,000 kwa dakika, yaani zaidi ya mara 66 kwa sekunde. Tapeti, kijiti na roka vyote vina uzito, na kila mara springi inatakiwa kuvisimamisha uzito huo wote na kuvirudisha. Mwendo ukizidi sana, springi hushindwa. Valvu huelea, haikai mahali pake kwa wakati, na kijiti chenyewe huanza kupinda na kunyooka kama fimbo ya mchungaji. Kamshafti ikiwa juu, uzito wa kurudishwa hupungua, na injini huweza kukimbia bila hofu hiyo. Tena nafasi hupatikana ya kuweka valvu nne kwa kila silinda, na hewa huingia vizuri zaidi. Peugeot walilitenda hilo katika magari yao ya mashindano tangu mwaka 1912, kwa kamshafti mbili za juu. Kwa hiyo wanaosema kamshafti ya juu ni uvumbuzi wa Wajapani wa juzi wanakosea.

Vile vile wanakosea wanaosema pushirodi ni ushamba uliopitwa na wakati. Chevrolet wa Marekani walitoa injini yao mashuhuri ya silinda nane katika magari ya modeli ya mwaka 1955, ina pushirodi, na vizazi vyake vimeendelea kuwa na pushirodi hadi karne hii. Scania, ambao malori yao wanachama huyaona kila siku kwenye njia panda ya Segera, walitumia pushirodi katika injini zao za silinda sita kwa miongo mingi. Ndipo mwaka 2021 walipotoa injini ya lita 13 yenye kamshafti mbili za juu. Lori halihitaji kukimbiza injini, lahitaji kuvuta. Trekta ni vivyo hivyo: Massey Ferguson 135, yenye dizeli ya Perkins ya silinda tatu, ina kamshafti ya chini na gia za chuma, na haina sababu ya kuwa na kingine.

Habari ya Honda yafaa ielezwe kwa kirefu kidogo, maana inawahusu hasa watu wa vijijini. Pikipiki ya kwanza ya Super Cub, C100 ya mwaka 1958, ilikuwa na pushirodi. Baadaye Honda waligeukia kamshafti ya juu, na C50 ya mwaka 1966 ikawa nayo. Ikaonekana kana kwamba kijiti kimezikwa. Lakini pikipiki zao za cc 125 zenye kamshafti ya juu zilipoenea katika nchi za Asia zenye joto na vumbi, malalamiko yalianza kurudi. Watu walipakia mizigo mara mbili ya kiasi, hawakubadilisha oili kwa wakati, na wengine waliongeza oili pale tu injini ilipoanza kupiga kelele. Kamshafti zikawa zinalika. Mafundi wa kiwanda walisafiri kwenda kutazama kwa macho yao namna pikipiki zinavyotumika. Wangeweza kurudi na mabango ya kuwahimiza watu wabadilishe oili. Walirudi na injini nyingine.

Injini hiyo ni CG125, iliyotoka mwaka 1976. Kamshafti yake iko chini, huzungushwa na gia moja kwa moja kutoka kwenye krenki bila cheni yoyote, na ina nundu moja tu inayotumikia valvu zote mbili kwa pushirodi mbili. Sababu ya kuishusha ni oili. Katika injini yenye kamshafti ya juu, kamshafti ndiyo sehemu iliyo mbali kabisa na oili. Pampu ikichoka, oili ikipungua au tundu likizibwa na uchafu, juu ndiko kunakokauka kwanza, na kamshafti huzunguka chuma juu ya chuma. Kamshafti iliyo chini hurushiwa oili na kila kinachozunguka humo. Haiponi uzembe, hakuna injini inayopona uzembe, ila huuvumilia kwa muda mrefu zaidi.

Viwanda vya China viliiga injini hiyo kwa wingi, na pikipiki nyingi za cc 125 na 150 zilizojaa Tanzania tangu miaka ya 2000, zikabeba abiria na magunia katika njia za Handeni, ni watoto wa CG. Hutambulikana kwa mafundi kwa silinda yake: ubavuni mna mfereji wa pushirodi, na juu ya hedi pana kifuniko cha roka tu. Bajaj Boxer ni kabila jingine. Yake ni kamshafti ya juu yenye cheni. Ni pikipiki nzuri na hukimbia kwa ulaini. Lakini chama kikiinunua, kamati ijue kwamba imenunua pia wajibu wa oili. Cheni ya ndani hutanuka polepole, kirekebishi chake huchoka, na mlio wa kukwaruza unaosikika asubuhi upande wa cheni ni barua ya taarifa. Kati ya aina hizo mbili, kwa pikipiki itakayopokezwa mikono mitatu au minne, leo bwana shamba, kesho mlinzi wa ghala, ile ya pushirodi ndiyo ya kuchaguliwa. Kwa pikipiki yenye mwenyewe mmoja anayeitunza, hakuna sababu ya kuiogopa ya kamshafti ya juu.

Liko jambo la kupima tapeti, ambalo makatibu wengi huona kwenye hati ya fundi bila kujua wamelipia nini. Kati ya roka na ncha ya valvu lazima iachwe nafasi ndogo, maana chuma hutanuka kikipata moto. Nafasi ikifa kabisa, valvu haifungi sawasawa, moto hupenya, na ukingo wake huungua. Nafasi ikizidi, injini hugonga na valvu haifunguki kiasi chake. Katika injini za pushirodi kazi hii hufanywa kwa spana, bisibisi na filageji: nati hulegezwa, skrubu huzungushwa, filageji hupitishwa ikikwaruza kidogo, nati hukazwa. Kwa CG125 kipimo ni milimita 0.08, injini ikiwa baridi. Kijana makini aliyemaliza darasa la saba huweza kufundishwa kwa siku moja.

Baadhi ya injini za kamshafti ya juu nazo zina skrubu kama hizo. Nyingine hazina. Dizeli ya Toyota aina ya 1HZ, ya silinda sita, iliyoanza mwaka 1990 na ambayo imebeba wagonjwa na maofisa katika Land Cruiser nchini kote, hurekebishwa kwa visahani vya chuma vyenye unene tofauti tofauti. Fundi hupima, hupiga hesabu, kisha lazima awe na kisahani cha unene ule hasa. Si kazi ya kufanyia chini ya mwembe. Faida yake ni kwamba nafasi ile, ikishawekwa, hukaa muda mrefu bila kubadilika.

Tofauti kubwa zaidi huonekana siku gasketi ya silinda hedi inapoungua. Katika injini ya pushirodi fundi hufungua roka, huvitoa vijiti, na kuinua hedi. Kamshafti imebaki chini katika bloki, haikuguswa, na taimingi haikuharibika. Anachotakiwa ni kukumbuka kila kijiti kilitoka wapi, maana kila kimoja kimezoeana na tapeti yake na roka yake. Kipande cha boksi kilichotobolewa matundu na kuandikwa namba chatosha. Kabla ya kukirudisha, kila kijiti kiviringishwe juu ya kioo: kilichopinda hurukaruka. Katika injini ya kamshafti ya juu, hedi hainyanyuki mpaka cheni au mkanda umetolewa, na siku ya kurudisha lazima alama za krenki, za kamshafti na mara nyingi za pampu ya dizeli zikutane sawasawa. Kosa la jino moja hufanya injini iwe ngumu kuwaka na isiyo na nguvu. Kosa la meno kadhaa huvunja valvu pale pale inapopigwa stata.

Na hapo ndipo ulipo mkanda. Cheni huchoka kwa kelele, lakini mkanda hukatika kimya. Unapokatika, kamshafti husimama papo hapo wakati krenki ingali inazunguka kwa nguvu ya mwendo. Valvu zilizokuwa wazi hubaki wazi, na pistoni hupanda na kuzigonga. Katika dizeli nafasi kati ya pistoni na valvu ni ndogo mno, kwa hiyo ni nadra kuokoka. Dizeli za Toyota Hilux za aina ya 2L, 3L na 5L zina mkanda wa namna hiyo. Kitabu cha gari husema ubadilishwe baada ya kilomita 100,000 au 150,000 kwa kadiri ya gari na soko lake, na magari mengi ya aina hiyo yana taa ya T-BELT kwenye dashibodi. Taa hiyo haiutazami mkanda. Huhesabu kilomita tu. Anayeizima bila kubadilisha mkanda amejizimia taa, basi. Tena mkanda huzeeka kwa miaka hata gari likiwa limeegeshwa, na oili ikiuvujia huoza upesi kuliko hesabu ya kitabu chochote.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba neno pushirodi peke yake ni kinga. Mahali pa kamshafti ni swali moja; chombo kinachoizungusha ni swali la pili. Land Rover za zamani za lita 2.25, zilizotokea mwaka 1958, zilikuwa na pushirodi na cheni. Toyota 3B na Nissan TD27 zina pushirodi na gia za chuma, na kwa kazi za mashambani mpangilio huo ni vigumu kuupita. Lakini dizeli ya Land Rover ya 300Tdi ya mwaka 1994, ile iliyo katika One-Ten nyingi, ina pushirodi na pamoja nazo ina mkanda wa mpira. Wako wenye magari hayo waliokaa wakiamini kwamba hakuna mkanda kwa sababu waliviona vijiti. Mkanda ukikatika katika injini hiyo, mara nyingi vijiti ndivyo hupinda kwanza na kuziokoa valvu, na vijiti ni vya bei nafuu. Ni bahati ya kushukuru, si ya kuitegemea.

Kwa upande wa mashine ndogo mambo ni rahisi. Dizeli za silinda moja za kulala, za namna ya S195 ya China, ambazo zimefungwa kwenye mashine za kusaga na kwenye pawatila nyingi zilizoingia nchini baada ya Kilimo Kwanza ya mwaka 2009, ni za pushirodi na gia. Pampu nyingi za maji za petroli zenye injini ya Honda ya jamii ya GX na nakala zake ni za pushirodi pia. Honda hao hao wametengeneza jamii ya GC, yenye kamshafti ya juu na mkanda mdogo uliofichwa ndani ya injini ukilainishwa na oili. Hiyo ilikusudiwa kazi nyepesi za nyumbani. Wakulima wanaovuta maji kutoka mto Pangani upande wa Korogwe watofautishe herufi hizo mbili wanapokuwa mbele ya muuza duka, kwa sababu kwa macho zinafanana, na bei ya chini huvuta. Vijiji vilivyopata umeme vinaweza kusagia kwa mota na kuyasahau haya yote, mpaka siku umeme ukatikapo wakati wa mavuno.

Kila chombo cha chama chenye injini kiwe na daftari lake, mbali na daftari la mapato. Kurasa za kwanza ziandikwe aina ya injini, mahali pa kamshafti, na kama huzungushwa na gia, cheni au mkanda. Baada ya hapo kila badiliko la oili liandikwe kwa tarehe na kilomita au saa za kazi, na kila mara tapeti zilipopimwa. Katibu anapobadilika, daftari likabidhiwe mbele ya kamati pamoja na funguo. Fundi akija na hati ya malipo iliyoandikwa neno moja tu la matengenezo, irudishwe aieleze.

Limebaki suala la magari madogo ya mitumba, yale yaitwayo kirikuu, ambayo vyama vingi huyatamani kwa sababu bei yake inafikika. Suzuki Carry yenye injini ya F6A ina kamshafti ya juu na mkanda. Yenye K6A, iliyofuata, ina cheni. Herufi hizo husomwa kwenye kibati cha gari, na kamati izisome kabla ya kuanza kuzungumza bei. Likiwa ni la mkanda, kifuniko cha mbele kifunguliwe mkanda utazamwe: nyufa mgongoni, meno yaliyolika, unyevu wa oili. Muuzaji aulizwe ulibadilishwa lini na kwa kilomita ngapi. Asipoweza kuonyesha maandishi, basi gharama ya mkanda, roleri yake na kazi ya fundi ikatwe kwenye bei kabla mweka hazina hajatia sahihi, na mkanda mpya ufungwe kabla gari halijapakia gunia la kwanza.